Kinyaa Hulinda Mdomo, Mguu Je?

Jirani unayemchukia anaweza kukualika harusini, ukaenda, ukanawa mikono, ukala pilau yake mpaka ukalamba vidole. Mende akipita kwenye sinia, hata kama imepakuliwa na mama yako mzazi, mkono hurudi wenyewe. Chuki ina sababu zake, na siku moja huisha. Kinyaa hakingoji sababu: pua hukunjana, tumbo huchafuka. Mwaka 1872 Charles Darwin aliandika kuwa hisia hii imefungamana na ulimi. Alisimulia jinsi mwenyeji wa Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, alivyoigusa kwa kidole nyama baridi aliyokuwa akila Darwin, akaona kinyaa kwa ulaini wake. Darwin naye akaona kinyaa kwa kuwa chakula chake kimeguswa, ingawa alikiri kuwa mikono ile haikuonekana michafu.

Kinyaa hicho ndicho maafisa wa afya ya umma hukitumia wanapopigania vyoo vijijini Kwale, pwani ya Kenya. Mbinu yao ilianzia Bangladesh kati ya 1999 na 2000 kwa Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, na ikaingia Kenya mwaka 2007 kupitia Kilifi. Hakuna mahubiri. Wanakijiji huchora ramani mchangani, kila mtu aonyeshe nyumba yake na kichaka anachokwenda, kisha wote huongozana kukitazama. Afisa hutoa chupa ya maji, hunywa, humpa mzee mmoja naye akanywa. Halafu hung'oa unywele kichwani, huugusisha kwenye kinyesi, huutumbukiza majini. "Haya mzee, kunywa tena." Mzee hataki, wala hakuna mwingine anayetaka. Ndipo afisa anapouliza nzi ana miguu mingapi. Watu huhesabu mpaka sita, kisha mmoja husema kwa sauti kinachowachoma wote: kumbe tunalishana mavi.

Kwa kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, mbinu hii naikubali, kwani njia yake ni mdomo. Ila haimalizi kila kitu. Kwa Wamijikenda wengi wa hapa, baba mkwe na mke wa mwanawe kuingia choo kimoja ni aibu kubwa, na boma lenye shimo moja humrudisha mmoja wao kichakani hata akiwa na kinyaa kiasi gani.

Kisha kuna minyoo ya safura, ambayo Kwale inaijua vizuri. Mayai ya minyoo hii hutoka na kinyesi na huanguliwa siku moja au mbili baadaye kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi wako tayari kupenya ngozi. Kufikia hapo mvua imeshapita, kinyesi hakionekani wala hakinuki, na chini ya mkorosho pamebaki mchanga mzuri tu. Mtoto anapopita peku hakuna kinachomshtua. Viluwiluwi huingia, husafiri na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kuishia utumboni wakifyonza damu. Mama mjamzito ni miongoni mwa wanaoumia zaidi.

Kati ya 2015 na 2017 utafiti wa TUMIKIA ulilinganisha njia za kutoa dawa ya minyoo humu humu Kwale. Walipotibiwa watoto peke yao kupitia shule, mara moja kwa mwaka, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Kijiji kizima kilipotibiwa mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Mtu mzima aliyeachwa nje ya dawa huendelea kumwaga mayai kwenye udongo uleule ambao mtoto huukanyaga peku.

Kwa hiyo baada ya ile chupa ya maji, ningependa afisa aulize swali la pili: ni nani hapa ambaye mtoto wake ametumwa dukani leo bila ndara, na amepitia wapi?