Mandhari, Usuli na Rangi ya Mafuta

Mfasiri anayeeleza maisha na kazi ya mchoraji hukutana upesi na istilahi tatu zinazoonekana nyepesi: mandhari, usuli na rangi ya mafuta. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa zikitumiwa ovyo humpotosha msomaji. Tutawalinganisha wachoraji wawili: Benjamin Williams Leader (1831–1923), Mwingereza mzaliwa wa Worcester, na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, wilaya iliyomo katika Mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea.

Leader alichora mashamba, njia zenye matope na anga la jioni. Katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1881, "February Fill Dyke", watu ni wadogo. Kinachoelezwa ni nchi yenyewe baada ya mvua. Hiyo ndiyo picha ya mandhari. Mwalimu wa Songea aweza kuifafanua dhana hii kwa kuwaagiza wanafunzi wachore milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia.

Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Katika picha zake nyingi mnyama au ndege mmoja hujaza kibao, na nyuma yake pana rangi moja tupu. Hapo hapana mandhari. Lakini tumezoea, hasa katika fasihi, kuita mandhari chochote kinachozunguka jambo kuu. Mtu akiandika kuwa "mandhari ya picha ni ya manjano", msomaji atadhani imechorwa nchi iliyokauka. Neno lifaalo ni usuli.

Rangi ya mafuta ina hatari kubwa zaidi. Madukani kwetu ni ile rangi ing'aayo ya kupaka milango. Leader alitumia rangi za mafuta za wachoraji, ambazo hukauka polepole, hata anga huweza kufifishwa hatua kwa hatua. Tingatinga alitumia rangi ing'aayo ya dukani juu ya vibao vya dari. Nayo hukauka mapema na kuacha mipaka iliyo wazi. Anayeziita zote kwa jina moja ameficha sababu ya tofauti hiyo, na msomaji atadhani kuwa mmoja alijua kazi na mwingine hakuijua. Hivyo istilahi hugeuka kuwa hukumu.

Kwa hiyo twapendekeza: picha ya mandhari, pale nchi yenyewe inapokuwa maudhui, usuli, kwa kilicho nyuma ya kinachochorwa, rangi za mafuta za wachoraji, kwa zile za Leader, na rangi ing'aayo, kwa ile ya dukani.

Limebaki jina lenyewe. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza mtindo wake, na baadaye mandhari ya vijiji na ya Kilimanjaro yakaingia humo. Basi yafaa tuandike "picha ya Tingatinga" kwa kazi ya mkono wake, na "picha ya mtindo wa tingatinga" kwa kazi ya waliomfuata. Bila tofauti hiyo, kazi ya mtu mmoja itamezwa na jina lake mwenyewe.