Kidonda Kisichopona Kisisubiri Mavuno: Umuhimu wa Kugundua Saratani ya Ngozi Mapema

Kwa mkulima wa Matombo, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, mikwaruzo na vidonda vya ngozi ni sehemu ya kazi ya kila siku. Vidonda vingi hupona vyenyewe. Hata hivyo, kipo kidonda ambacho wiki nne hupita bila kufunga. Hutoka damu, hukauka, kisha hufumuka tena. Kidonda cha namna hiyo hakipaswi kusubiri mavuno yaishe, kwa kuwa huenda kikawa dalili ya saratani ya ngozi.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni watu wenye ualbino. Ngozi yao ina upungufu wa melanini, rangi ya asili inayoikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwao madhara ya jua huanza utotoni, na saratani huweza kujitokeza wakiwa bado vijana, hususan usoni, masikioni, midomoni, shingoni na mikononi. Mara nyingi hutanguliwa na viraka vikavu vyenye magamba, na hicho ndicho kipindi kizuri zaidi cha kutibu.

Wenye ngozi nyeusi nao hawajasalimika. Kwao saratani hii ni nadra, lakini hujificha mahali pasipotazamwa: kwenye nyayo, viganja, chini ya kucha, juu ya kovu la zamani la moto, au katika kidonda ndugu kilichodumu kwa miaka mingi. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki dunia mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, kutokana na saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu na kuenea mwilini.

Ikigunduliwa mapema, saratani nyingi za ngozi huondolewa kwa upasuaji mdogo wa ganzi, na mara nyingi mgonjwa hurejea nyumbani siku hiyohiyo. Ikichelewa, huchimba hadi kwenye misuli na mifupa, au husambaa kwenye tezi na viungo vingine. Hapo mgonjwa huweza kuhitaji upasuaji mkubwa, au tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, akiacha shamba na familia kwa wiki kadhaa. Kwa wengine, tiba hubaki kuwa ya kupunguza maumivu tu.

Wananchi wanashauriwa kukagua ngozi zao kila mwezi, na kumwomba ndugu awaangalie mgongoni, kisogoni na nyuma ya masikio. Dalili za kuzingatia ni kidonda kisichopona, uvimbe unaokua, kiraka chenye magamba, na doa jeusi linalobadilika umbo, rangi au ukubwa. Kidonda kisichomwe wala kupakwa dawa isiyojulikana. Mgonjwa afike kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda hospitali yenye uwezo wa kuchukua kipande kidogo cha ngozi ili kipimwe maabara.

Kinga nayo huanzia nyumbani. Mtoto mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana na nguo za mikono mirefu, na akae kivulini kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kila inapowezekana. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwalimu anayemketisha mwanafunzi huyo mbali na jua, na mzazi anayempangia kazi za shamba alfajiri badala ya adhuhuri, wanamkinga na maradhi ya miaka ijayo.

Safari ya kwenda zahanati huchukua saa chache. Saratani iliyoachwa huchukua kiungo, na mwisho huchukua uhai.