Pikipiki ya zamani yenye kigari: Kuifufua ni kazi, kuiendesha ni elimu nyingine

KWA anayeitazama kutoka mbali, pikipiki ya zamani yenye kigari ubavuni ni chombo rahisi kukimudu. Ina magurudumu matatu, haianguki inaposimama, na abiria wake huketi kama aliye kwenye kiti cha sebuleni. Wengi huamini kwamba mtu aliyeizoea pikipiki ya kawaida anaweza kuipanda na kuondoka nayo bila kufundishwa.

Imani hiyo ni ya hatari. Chombo hiki si pikipiki tena, wala si gari. Kina tabia zake, na anayekifufua bila kuzielewa tabia hizo anaweza kupata injini inayonguruma vizuri na mtambo usiofaa kumbeba binadamu.

Mfano mzuri ni M-72, pikipiki ya kijeshi iliyotengenezwa na Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa BMW R71 ya Ujerumani. Uzalishaji ulianzia Moscow mwaka 1941. Majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji huo, kiwanda kilihamishiwa Irbit, katika eneo la Milima ya Ural, ambako jengo kubwa lililopatikana lilikuwa la kiwanda cha bia. Pikipiki za kwanza kutoka Irbit zilipelekwa vitani Februari 1942, na kabla vita havijamalizika mwaka 1945 zilikuwa zimetolewa zaidi ya 9,700.

Baada ya vita, kizazi hicho kilienea. Kiev nako zikatengenezwa pikipiki za aina hiyo, na katika miaka ya 1950 China ikaanza kuunda Chang Jiang 750 kutokana na M-72. Kampuni ya Ural, mrithi wa kiwanda cha Irbit, ilihamishia kazi ya kuunganisha pikipiki zake Petropavl, nchini Kazakhstan, mwaka 2022.

Kufanana huko ndiko kunakomletea mnunuzi mtego wa kwanza. R71 halisi ni chache na bei yake ni kubwa, hivyo zimekuwapo M-72 na Chang Jiang zilizopakwa rangi ya jeshi la Ujerumani na kubandikwa nembo ya BMW. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anapaswa kulinganisha namba za fremu na za injini na kumbukumbu za mtengenezaji. Rangi na nembo si ushahidi.

Injini yenyewe haina mafumbo mengi. Ina silinda mbili zilizolala, moja kila upande, ujazo wa sentimita za ujazo 746 na nguvu ya farasi 22. Gurudumu la nyuma huzungushwa kwa shafti badala ya mnyororo. Mwendo wake wa juu haufiki kilometa 100 kwa saa, nao unatosha kwa mtambo wenye uzito unaozidi kilo 300.

Hata hivyo, iko sehemu ambayo fundi mwenye haraka huiruka. Injini hii haina filta ya oili ya karatasi kama za kisasa. Kwenye krankshafti mna visahani vinavyonasa uchafu wa oili wakati injini inapozunguka. Baada ya miaka mingi visahani hivyo hujaa tope, njia ya oili huziba, na beringi za konrodi huanza kuungua. Kuvisafisha kunahitaji injini ifunguliwe yote, na krankshafti ikilazimu kutenganishwa, kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kukandamiza na vipimo makini. Kuiwasha injini iliyolala miaka 30 kwa kubadilisha oili na plagi pekee ni kuicheza kamari.

Baada ya injini, kazi inahamia kwenye kigari. Fremu yake hushikwa na pikipiki katika sehemu nne, mbili za chini na mbili za juu. Kila moja hukaguliwa kutu na nyufa, kwa sababu hapo ndipo maisha ya abiria yanaponing'inia.

Kisha hufuata upangaji wa magurudumu. Mbao mbili zilizonyooka hulazwa sakafuni, moja ikigusa magurudumu mawili ya pikipiki na nyingine ikigusa gurudumu la kigari. Umbali kati ya mbao hizo upande wa mbele unatakiwa kuwa mdogo kuliko wa nyuma, kwa takriban milimita 10 kwa jamii hii ya pikipiki. Aidha, pikipiki yenyewe huegemezwa kidogo sana upande wa pili, mbali na kigari, kwa nyuzi moja au mbili. Vipimo hivyo vikikosewa, usukani huvuta upande mmoja safari nzima, mikono huchoka na tairi huisha mapema.

Hata chombo kilichopangwa vizuri humshangaza mgeni. Pikipiki ya kawaida huingia kwenye kona kwa kulala. Yenye kigari hailali, hugeuzwa kwa nguvu za mikono. Kigari kikiwa kulia, kuongeza mafuta kwa ghafla huivuta pikipiki kulia, maana uzito wa kigari hubaki nyuma. Breki za M-72 ziko kwenye magurudumu mawili ya pikipiki tu, hivyo ukizikamata kwa nguvu, kigari husukuma mbele na chombo huelekea kushoto.

Kona ya upande wa kigari ndiyo inayoogopwa zaidi. Mwendo ukizidi, gurudumu la kigari hunyanyuka. Mgeni hushtuka na kunyoosha usukani, na katika nchi zinazotumia upande wa kulia wa barabara hujikuta anakabiliana na magari yanayokuja. Tiba ni kupunguza mafuta taratibu, kuegemeza mwili upande wa kigari na kuendelea kuifuata kona. Kona ya upande wa pili nayo ina adhabu yake: mwendo ukipindukia, pua ya kigari huzama na gurudumu la nyuma la pikipiki huweza kuinuka.

Ndiyo maana mafunzo huanzia kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo mdogo, kigarini kukiwa na mfuko wa mchanga uliofungwa imara badala ya abiria.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya lipo la ziada. M-72 iliundwa kwa barabara za upande wa kulia, hivyo kigari chake kiko kulia. Kwenye barabara zetu za upande wa kushoto, dereva hubaki ukingoni na kigari katikati ya njia. Akitaka kulipita lori, abiria ndiye anayetangulia kuona kinachokuja, naye ndiye aliye karibu zaidi nacho. Waingereza, wanaotumia upande wa kushoto kama sisi, kwa kawaida hufunga vigari kushoto.

Kwa mwenye kuifufua pikipiki ya namna hii, basi, rangi mpya na ngurumo ya injini havitoshi kuwa ishara kwamba kazi imekwisha. Imekwisha pale vifungo vyote vinne vinapokuwa imara, magurudumu yamepangwa, na dereva ameshajua kigari kinanyanyuka katika mwendo gani kabla mtu hajaketi ndani yake.