Yvan Buravan: Sauti Iliyozimika Mapema

Mtaani Rwezamenyo, kama kwingineko mjini Kigali, jina la marehemu Yvan Buravan si geni. Mwimbaji huyo na mtunzi, aliyezaliwa tarehe 27 Aprili, 1995, alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kutwaa tuzo ya Prix Découvertes ya RFI, mwaka 2018. Hakulewa sifa, katika albamu yake ya Twaje aliugeukia muziki wa mababu.

Tarehe 17 Agosti, 2022, akiwa na miaka 27 tu, alifariki nchini India alikokwenda kutibiwa saratani ya kongosho. Maradhi hayo hujificha. Maumivu ya tumbo yapenyayo hadi mgongoni, kukonda bila sababu na manjano machoni ni dalili zisizofaa kupuuzwa, hata na kijana. Awahi hospitali.