Njia za Kupika Kahawa Kali Nyumbani bila Mashine

Ukali wa kahawa hutegemea kiasi cha viini vya buni vilivyoyeyuka katika maji yaliyomo kikombeni. Kahawa iliyochujwa kwa karatasi huwa na asilimia 1.2 hadi 1.4 ya viini hivyo. Kilichobaki ni maji. Espreso huwa na asilimia 8 hadi 12. Njia nyingi za mkono huangukia katikati.

Takriban asilimia 30 ya uzito wa buni iliyokaangwa inaweza kuyeyuka, ila si yote ifaayo kunywewa. Uchachu na utamu hutangulia kutoka. Uchungu mwingi na ukakasi hufuata. Kahawa nzuri kwa kawaida hutolewa asilimia 18 hadi 22 tu. Kwa hiyo anayetaka kahawa kali huongeza unga au hupunguza maji. Kurefusha muda wa kupika huleta uchungu zaidi kuliko nguvu.

Joto la maji nalo lina nafasi yake. Katika njia za kumimina na kuloweka, nyuzi 90 hadi 96 za selsiasi ndizo zinazofaa. Mombasa au Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, hivyo huachwa kidogo kabla ya kumiminwa. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na yanaweza kumiminwa mara tu yanapoepuliwa.

Kuchemsha ni njia kongwe. Katika Pwani ya Afrika Mashariki buni hutwangwa, kisha huchemshwa kwenye dele la shaba juu ya jiko la mkaa, mara nyingi pamoja na tangawizi au iliki. Kukaa motoni kwa muda mrefu hutoa uchungu mwingi, na ndiyo sababu kahawa hiyo hunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au tende. Katika upishi wa Kituruki unga husagwa laini sana, gramu 7 kwa mililita 70 za maji, na kupashwa moto mdogo. Povu likipanda, chombo huepuliwa kabla kahawa haijatokota. Kwa kuwa haichujwi, mashapo huachwa yatuame. Sufuria ndogo yenye mkono inatosha kwa kazi hii, na kati ya njia zote hii ndiyo nafuu zaidi.

Kuloweka hufanyika katika birika lenye chujio la chuma linalobonyezwa kutoka juu. Attilio Calimani wa Italia aliombea chombo cha aina hiyo hataza mwaka 1929. Unga hutakiwa kuwa wa chengachenga, na huloweka kwa dakika 4. Uwiano wa kawaida ni gramu 1 ya kahawa kwa gramu 15 za maji; anayetaka kali hutumia gramu 1 kwa 10. Chujio la chuma hupitisha mafuta ya buni, hivyo kinywaji huwa kizito mdomoni.

Moka ilibuniwa Italia mwaka 1933. Maji hukaa chini, unga katikati, na kahawa hukusanyika juu. Moto ukipasha chumba cha chini, kanieneo ya mvuke na hewa husukuma maji kupitia unga. Kanieneo hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya espreso, ambayo huwa kama mara 9 ya ile ya angahewa. Hata hivyo moka hutoa kahawa kali kuliko birika la kubonyeza. Maji yasivuke vali ya usalama, unga usishindiliwe, na chombo kiepuliwe mara kinapoanza kukoroma, kwani mvuke unaofuata huunguza ladha.

AeroPress, iliyobuniwa na Mmarekani Alan Adler na kuanza kuuzwa mwaka 2005, hufanya kazi kama bomba la sindano: kahawa huloweka kwa dakika moja au mbili, kisha husukumwa kwa mkono kupitia karatasi. Gramu 18 kwa mililita 100 za maji hutoa kikombe kikali kisicho na mashapo. Espreso yenyewe huweza kupatikana kwa vifaa vya wenzo wa mkono, lakini hivyo ni ghali na huhitaji kisagio kizuri: gramu 18 za unga laini hutoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30.

Ukali wa ladha haulingani na wingi wa kafeini. Kikombe kidogo cha espreso huwa na miligramu 60 hivi, ilhali kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja huweza kupita 90. Aina ya buni ina uzito zaidi: robusta, inayolimwa Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

Afya pia huingia katika uchaguzi. Kahawa isiyochujwa kwa karatasi huwa na kafestoli, mafuta yanayopandisha lehemu katika damu. Mwenye lehemu nyingi anayependa kahawa kali hufaidika na njia inayosukuma maji kupitia karatasi. Asiye na tatizo hilo anaweza kuchagua moka kwa wepesi wake, au dele kwa kuwakirimu wageni wengi.