Usafiri Usio na Moshi: Hesabu ya Nguvu Kutoka Chanzo Hadi Gurudumu

Kila chombo cha usafiri, kiwe mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni pamba au treni iendayo kilometa 160 kwa saa, hakina budi kupata nguvu kutoka mahali fulani. Ng'ombe huipata katika majani, mwendesha baiskeli katika ugali, na injini ya pikipiki katika petroli. Vyombo hivyo hutofautiana kwa kiasi cha nguvu kinachofika kwenye gurudumu, na kwa uchafu unaobaki nyuma baada ya chombo kupita. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyombo vya umeme vinavyobadilisha mambo hayo mawili katika miji yetu, na kwa nini haitoshi kulitazama bomba la moshi peke yake. Mfano wetu utakuwa Mhunze, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ambako kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Tanzania, pikipiki za abiria, yaani bodaboda, ndizo zinazompeleka mgonjwa hospitali na mkulima sokoni.

Injini ya petroli

Lita moja ya petroli ina nguvu zipatazo kilowati-saa 9. Kilowati-saa moja ndiyo ile ambayo mnunuzi wa umeme huiita yuniti. Petroli inapoungua ndani ya silinda, hewa ya moto hutanuka na kuisukuma pistoni, na pistoni huzungusha gurudumu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya joto hilo haifanyi kazi yoyote: hutoka pamoja na moshi au hupotea kupitia kuta za injini. Ndiyo maana bomba la pikipiki iliyotoka safarini huweza kumwunguza mtu mguu. Kwa kawaida, chini ya robo ya nguvu zilizomo katika petroli ndiyo hufika kwenye gurudumu.

Pamoja na joto hutoka gesi. Kila lita ya petroli iliyoungua hutoa kilo 2.3 hivi za kabonidioksidi, gesi inayochangia kuongezeka kwa joto la dunia. Mwako usiokamilika hutoa pia kabonimonoksidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kadhalika hutoka chembechembe za masizi. Zile zenye kipenyo kisichozidi elfu mbili na nusu ya milimita moja, kwa maana ya sehemu 2.5 za milioni ya meta, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Moshi wa magari umewahi kuwa mbaya zaidi. Kwa miaka mingi petroli ilichanganywa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Mwaka 2021 nchi ya mwisho duniani, Algeria, nayo iliacha. Hapo tunajifunza kwamba uamuzi mmoja wa kitaalamu, ukisimamiwa vema, huweza kusafisha hewa ya bara zima.

Mota ya umeme

Mota ya umeme haina mwako. Mkondo wa umeme unapopita katika koili za waya huzifanya kuwa sumaku, na misukumano ya sumaku hizo na sumaku nyingine ndiyo inayozungusha mhimili. Kwa kuwa joto linalopotea ni kidogo, zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaoingia katika mota hugeuka kuwa mwendo.

Tulinganishe sasa. Tuchukue bodaboda inayokwenda kilometa 100 kwa siku. Ile ya petroli itatumia lita 2.5 hivi, yaani kilowati-saa zipatazo 22, na itatoa karibu kilo 6 za kabonidioksidi. Ile ya umeme itahitaji kilowati-saa 5, tukihesabu na upotevu wakati wa kuchaji betri. Dereva anayelipia nguvu hizo kila siku ndiye anayeiona tofauti hiyo mfukoni mwake.

Treni hufuata kanuni hiyohiyo kwa kipimo kikubwa. Reli ya kisasa ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Treni yake haibebi mafuta, bali hupokea umeme kutoka nyaya zilizo juu ya njia. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kinachopita mkoani Shinyanga, ulianza mwaka 2021.

Jua la Kishapu

Msomaji makini atauliza: je, umeme wenyewe unatoka wapi? Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Umeme wa Tanzania hutoka hasa katika maporomoko ya maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza kati ya tisa ulianza kazi mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Gesi asilia nayo huungua na kutoa kabonidioksidi, takriban nusu kilo kwa kila kilowati-saa. Kwa hiyo, hata kama umeme wote wa pikipiki yetu ungetokana na gesi, ungeleta kilo 2.5 kwa siku mahali pa kilo 6. Hayo ni maendeleo, ingawa moshi haujakwisha: umehama tu kutoka mtaani kwenda kwenye mtambo.

Hapa ndipo Wilaya ya Kishapu inapokuwa na habari yake. Katika kijiji cha Ngunga umewekwa mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150 kwa awamu mbili, ya kwanza ikiwa megawati 50. Tukikadiria kwamba jua la Kishapu, ambako mvua ni haba, hutoa kazi sawa na saa 5 za uwezo kamili kwa siku, megawati 50 zitazalisha kilowati-saa 250,000. Kiasi hicho kingetosha kuendesha pikipiki 50,000 kama ile ya mfano wetu. Bila shaka umeme huo huingia katika gridi ya Taifa kwa matumizi yote, lakini hesabu yaonyesha ukubwa wa hazina iliyo juu ya vichwa vyetu.

Tatizo ni kwamba jua huwaka mchana, na mchana ndio wakati bodaboda iko kazini. Njia mojawapo ni vituo vya kubadilishia betri: betri kadhaa huchajiwa mchana kituoni, na dereva huacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa.

Betri ikichoka

Betri haidumu milele. Za lithiamu hupungua uwezo baada ya miaka kadhaa, na baadhi ya vyombo vya bei nafuu bado hutumia betri za risasi na asidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi katika makazi ya watu, na watoto wakadhurika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi iliyoondolewa katika petroli ilirudi kwa mlango mwingine.

Kuna mambo mengine ambayo mota haiyatibu. Vumbi la barabara ya udongo litaendelea kutimka, na chombo kisicho na mlio huweza kumgonga asiyeona.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Simameni mahali salama kando ya barabara kwa saa moja, mkihesabu pikipiki zinazopita. Kila moja huunguza mililita 25 za petroli kwa kilometa. Kokotoeni lita zilizotumika na kilo za kabonidioksidi zilizotolewa katika kilometa moja ya barabara hiyo.

2. Pangusieni vitambaa vyeupe majani ya mti ulio kando ya barabara, na ya mti wa aina hiyohiyo ulio mbali nayo. Linganisheni, kisha jadilini lipi ni vumbi na lipi ni masizi.

3. Ulizeni katika wilaya yenu: betri iliyochoka hupelekwa wapi, na nani huifungua?