Je, Wajua? Wapenzi Wasiosemezana
Filamu ya Kihindi Mughal-e-Azam, iliyotoka mwaka 1960, inamhusu mwanamfalme Salim aliyempenda Anarkali, mcheza dansi wa kasri, hata akamwasi baba yake, Mfalme Akbar. Dilip Kumar na Madhubala, walioigiza wapenzi hao, walipendana kweli. Lakini kabla filamu haijakamilika walikwisha kuachana, na nje ya kamera hawakusemezana. Ukiitazama, wala hutambui! Minyororo aliyofungwa Madhubala katika onyesho la gerezani ilikuwa ya chuma halisi, naye alikuwa mgonjwa wa moyo. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, ikaja kutiwa rangi yote mwaka 2004. Wanahistoria wengi hawaamini kisa cha Anarkali. Salim, yeye, alitawala kweli kuanzia 1605, kwa jina la Jahangir.